Taa ya dashibodi ikiwaka: jua kwanza inapima nini

Gari nyingi tunazoendesha huku Dodoma ni za mtumba kutoka Japani, zimekuja bila kitabu au zina kitabu cha Kijapani, kwaiyo taa ikiwaka mtu anaanza kubahatisha, anamuuliza shemeji, anamuuliza jirani mwenye gari kama lake, mwisho wa siku anabadilisha betri wakati tatizo lilikuwa mkanda. Alama zenyewe sio siri, ukizitafuta kwenye simu unazipata zote na picha. Kinachotuponza ni kusoma taa kama jina la spea ya kununua. Taa ya betri haisemi betri imekufa, taa ya oili haisemi oili imepungua, na cheki enjini haisemi injini imekwisha. Kila taa imeungwa kwenye swichi au sensa inayopima kitu fulani tu, ukishajua inapima nini unajua pa kuanzia kuangalia, na unajua kama usimame hapo hapo au ufike nyumbani kwanza.

Hatua ya 1: Zijue taa zako gari ikiwa haina shida

Kaa kwenye kiti, weka swichi ON bila kupiga stata. Taa karibu zote za hatari zitawaka kwa pamoja, hiyo ni gari inajikagua balbu zake. Baada ya sekunde chache ya eabegi inazima, ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) inazima, zingine zinabaki. Ya oili, ya betri na cheki enjini kwenye gari nyingi zinabaki mpaka injini iwake. Piga stata, zote zizime, ibaki ya handbreki kama umeivuta. Piga picha dashibodi ikiwa imewaka zote, itunze kwenye simu, siku taa ngeni ikitokea utajua ni ngeni.

Hapa hapa ndo unakamata madalali. Kama unanunua gari na ukaweka swichi ON halafu cheki enjini au eabegi haikuwaka KABISA, usifurahi kwamba gari ni nzima. Balbu imetolewa, au kuna tepu nyeusi nyuma ya kioo, au waya umeungwa kwenye taa ya oili ili ziwake na kuzima pamoja. Hii ya mwisho ni ya kijanja sana, ukiangalia haraka haraka huioni, angalia kama cheki enjini na oili zinazima sekunde ile ile kila mara ukirudia. Anayeficha taa ana sababu, shusha bei au ondoka.

Hatua ya 2: Angalia rangi halafu angalia kama inapepesa

Nyekundu ni simama, tena unaposimama ni sehemu salama, usikanyage breki katikati ya barabara ya Dar huku lori liko nyuma yako. Njano ni endesha kistaarabu ukaangalie karibuni. Kijani na bluu ni taarifa tu, indiketa, fulu, na ile bluu ya joto nitakayoisema chini. Njano inayopepesa ichukulie kama nyekundu, hasa cheki enjini na O/D OFF (taa ya gia boksi ya otomatiki). Ipo pia ile nyekundu ndogo ya ulinzi inayopepesa gari ikiwa imezimwa na umefunga milango, hiyo iache, ndo kazi yake.

Na kama taa nne tano zimejiwakia kwa mkupuo, ABS, usukani, breki, cheki enjini, zote ndani ya dakika moja, usianze kulia kwamba gari imekufa yote. Vitu vitano haviharibiki siku moja. Mara nyingi umeme umeshuka, kompyuta za gari zinalalamika kila moja kivyake. Fungua boneti, shika terminali za betri uzitikise, angalia ule unga mweupe, angalia waya wa eathi unaoenda kwenye bodi, halafu pima chaji kama nilivyoandika hapo chini kwenye taa ya betri.

Hatua ya 3: Nyekundu, moja moja

Oili. Hii ndo inaua injini nyingi kwa sababu watu wanaielewa kinyume. Swichi yake imefungwa kwenye bloku na inapima presha, sio kiwango. Na inawaka presha ikishuka sana, kwenye gari nyingi ni kama 0.3 ya bar (kipimo cha presha) hivi, wakati injini ikiwa barabarani inatakiwa iwe na bar mbili tatu au zaidi. Yani taa ikiwaka ujue oili haifiki tena kwenye beringi za chini, sio kwamba inakukumbusha uongeze ukipata nafasi. Dakika chache tu za ubishi injini inanoki.

Ukiiona: toa mguu kwenye eksileta, sogea pembeni, simama, zima. Usizime gari ikiwa inatembea kwenye mteremko maana usukani unakuwa mgumu na breki nazo. Subiri dakika kama tano oili ishuke chini, gari liwe sehemu iliyonyooka, chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Kama oili iko chini ya alama ya L, ongeza kidogo kidogo mpaka ifike kati ya L na F, washa. Taa izime ndani ya sekunde chache. Kama haijazima, ZIMA, ita gari la kuvuta hata kama umebakiza kilomita tatu kufika.

Inavyowaka pia inakupa taarifa. Ikiwaka kwenye kona au mlimani halafu ikazima ukinyooka, mara nyingi oili ni chache inakimbilia upande mmoja pampu inanyonya hewa. Ikipepesa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) injini ikiwa ya moto halafu ikizima ukikanyaga mafuta, oili imekuwa nyepesi au injini imechoka beringi au pampu imechoka. Hapo ndo utasikia weka oili nzito namba 40 itazima. Kweli inaweza ikazima, lakini umeongeza uzito wa oili hujaponya kitu, na kwenye injini ndogo za kisasa zilizotengenezewa 5W-30 au hata 0W-20 oili nzito inachelewa kufika juu asubuhi. Mwambie fundi achomoe swichi ya presha afunge geji ya kusoma presha yenyewe pale pale, ni kazi fupi, ndo utajua kama swichi ni mbovu au injini ni mbovu. Swichi ni spea ya bei ndogo, injini unaijua mwenyewe.

Joto. Hapa nitakaa sana kwa sababu huku kwetu kuna mambo yake.

Vitz na Passo nyingi na vigari vingine vidogo havina mshale wa joto, vina taa mbili. Bluu ni injini bado ya baridi, nyekundu ni gari inachemsha. Asubuhi ya mwezi wa 7 Dodoma na ile baridi yake bluu itakaa dakika kadhaa, kawaida. Ikiwa bluu haizimi mpaka umetoka Nkuhungu umefika Mtumba, themostati imekwama wazi au haipo kabisa. Haipo kwa nini? Kwa sababu kuna mafundi wana tabia ya kuitoa, anakwambia huku ni joto haina kazi. Ina kazi. Themostati kwenye Toyota nyingi inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kabla ya hapo inazuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka. Ukiitoa kompyuta inadhani muda wote ni asubuhi, inamwaga mafuta mengi, gari inakunywa, na saa ingine cheki enjini inawaka na kodi (namba ya kosa inayotunzwa na kompyuta ya gari) ya P0128, yani injini haipati moto inavyotakiwa. Kama ilitolewa sababu gari ilikuwa inachemsha basi kilichokuwa kinachemsha bado kipo.

Sasa nyekundu. Dodoma mjini tuko kama mita 1,120 juu ya bahari, maji ya kwenye sufuria yanachemka karibu nyuzi 96 sio 100. Kwenye rejeta yanavumilia zaidi kwa sababu mfuniko unashikilia presha, mfuniko mzima wa bar 1.1 unafanya hata maji matupu yafike karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka, kulanti inaongeza tena. Ndo maana mfuniko uliochoka mpira unaweza kuchemsha gari ambayo kila kitu kingine ni kizima, kila siku unaongeza maji kwenye kile kikopo cha pembeni na huoni panapovuja. Ni spea ya bei rahisi kuliko zote kwenye mfumo wa kupoza, anza nayo.

Halafu maji yetu. Maji ya visima huku yana chumvi, angalia tu birika la nyumbani lilivyo ndani. Ukijaza hayo kwenye rejeta mwaka mzima yanajenga magamba kwenye vile vijitundu vyembamba, rejeta inaziba nusu, ukiwa mjini gari iko sawa lakini ukiingia mlima Saranda unaelekea Manyoni na AC imewashwa nyekundu hiyo. Weka kulanti iliyochanganywa tayari, au changanya na maji ya betri yale yaliyosafishwa, dukani yapo. Na nje ya rejeta napo kunaziba, vumbi la kiangazi na wadudu wa usiku kipindi cha mvua, pulizia maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, presha kubwa inalaza mapezi.

Ikikuwakia njiani fanya hivi. Zima AC, fungulia hita ya moto mpaka mwisho na feni juu, ndio utajipika lakini unatoa joto kwenye injini. Sogea pembeni. Kama kuna mvuke au harufu tamu tamu ya kulanti zima injini mara moja. Kama hakuna mvuke fungua boneti uangalie feni ya umeme inazunguka? Haizunguki, zima, tatizo umeshalipata au uko karibu nalo, fyuzi, rilei au mota ya feni. Siku ambayo gari ni nzima jaribu hili: washa AC, kwenye gari nyingi feni inatakiwa izunguke hapo hapo.

Mfuniko wa rejeta USIGUSE. Subiri nusu saa au zaidi, minya hozi ya juu na kitambaa, ikiwa laini haina mgandamizo ndo unafungua taratibu. Na usimwage maji ya baridi kwenye injini inayowaka moto, hedi inapinda au inapasuka. Watu wa kijijini watakuja na ndoo kwa roho nzuri kabisa, washukuru, pokea ndoo, subiri.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui, sensa ya joto inapima maji yanayoigusa. Maji yakiisha kabisa sensa inabaki hewani, mshale unaweza kushuka au taa isiwake wakati injini inaungua. Kwaiyo ukiona mshale ulipanda halafu ghafla umeshuka wenyewe, na hita inapuliza ubaridi, hiyo sio nafuu. Simama.

Betri. Hii taa inapima chaji, yani kama oltaneta inalisha umeme au la. Betri mpya ya jana inaweza ikawa na taa inawaka. Nunua mita ndogo ya umeme, hata ya bei ya chini inatosha, weka kwenye vichwa vya betri. Gari imezimwa usiku kucha isome karibu 12.6. Injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kushuka, oltaneta haichaji. Ikipanda kuzidi 15 regyuleta (kidhibiti cha chaji) imekufa inakaanga betri na balbu. Baadhi ya gari za sasa zinachezesha chaji zenyewe kwa kompyuta ili kubana mafuta, usishtuke ikisoma chini kidogo kwa muda kama taa haijawaka.

Ikiwaka njiani fungua boneti uangalie mkanda kwanza kabla ya kitu chochote. Kwenye gari nyingi mkanda huo huo unazungusha wota pampu, ukikatika taa ya betri inawaka leo na ya joto inafuata dakika chache mbele. Mkanda upo na wota pampu inazunguka, basi mchana zima AC, redio, chaja ya simu, unaweza kusogea mpaka sehemu yenye fundi. Usiku ni habari nyingine, taa kubwa zinakula betri haraka na gari zenye usukani wa umeme usukani nao unaanza kuwa mgumu. Usizime injini mpaka ufike.

Breki. Alama ya mduara na mshangao. Ina vitu viwili au vitatu kwenye taa moja. Cha kwanza handbreki, shusha mpaka mwisho, swichi yake saa ingine inakwama. Cha pili ni kiwango cha breki fluidi, ndani ya kile kikopo kuna boya, likishuka taa inawaka. Sasa breki fluidi haiungui kama oili, ikishuka ni moja kati ya mawili, inavuja, au pedi zimeisha. Pedi zikiisha pistoni zinatoka nje zaidi, fluidi inahamia huko, kikopo kinashuka. Dalili ya mwanzo taa inapepesa kwenye kona au kwenye mteremko. Mtu anaongeza fluidi taa inazima anafurahi, pedi zinabaki chuma kwa chuma. Fungua tairi uangalie pedi kabla hujaongeza. Ukiongeza weka ile iliyoandikwa kwenye mfuniko, DOT 3 au DOT 4. Usiweke oili ya injini wala haidroliki, raba zote za mfumo zinavimba.

Pedali ikizama chini zaidi ya kawaida na taa imewaka, gari hiyo haitembei. Na kama nyekundu ya breki na njano ya ABS zimewaka pamoja, inaweza kuwa mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma umezimika, ukikanyaga ghafla nyuma inateleza, nenda mwendo wa mguu mpaka gereji.

Hatua ya 4: Njano, na hasa cheki enjini

Cheki enjini ikiwa imetulia tu na gari inavuta vizuri, una muda. Ikipepesa huku gari inatetemeka, silinda moja haichomi, mafuta mabichi yanaenda kuungulia kwenye masega (kile kisafisha moshi) ndani ya ekzosti, masega yanayeyuka. Punguza mwendo, usipandishe gari mlimani, simama ukipata sehemu.

Kujua sababu lazima usome kodi. Chini ya usukani upande wa miguu kuna soketi ya pini 16. Kuna kile kidude cha ELM327 cha Bluetooth, bei yake sio kubwa, unachomeka, unaweka programu kwenye simu, unasoma mwenyewe. Kwa gari za Toyota za zamani kidogo ambazo hazisomeki, fundi mzoefu anaunganisha terminali mbili kwa waya na anahesabu mipepeso ya taa, sio uchawi, ndo ilivyotengenezwa. Usijaribu kama hujui ni zipi.

Kabla hujafuta chochote piga picha kodi zote. Halafu sikiliza, kodi inataja hali ambayo kompyuta imeiona, haitaji spea. Hapa ndo hela za watu zinapotea. Mifano:

P0301, P0302 mpaka mwisho wa silinda zako, namba ya mwisho ni silinda isiyochoma. Usinunue koili (zinazopeleka moto kwenye plagi) nne. Gari ikiwa imezimwa na imepoa, toa koili ya silinda yenye shida uibadilishane na ya silinda nyingine, futa kodi, endesha. Kodi ikihamia kule ulikopeleka koili basi koili ndo mbovu, nunua moja. Isipohama badilishana plagi ufanye vile vile. Isipohama tena ndo uanze kuwaza nozeli au kompresheni.

P0171, mchanganyiko una hewa nyingi mafuta machache. Utaambiwa oksijeni sensa, maana yeye ndo alitoa ripoti. Lakini aliyetoa ripoti mara nyingi ni mzima. Tafuta hozi ya hewa iliyopasuka baada ya ea klina, tafuta sensa ya hewa iliyoshika vumbi, halafu pampu ya mafuta au filta yake. Kwa vumbi letu mimi ningeanza na ea klina na sensa ya hewa kila mara. Ea klina iliyokaa vibaya au ya bei rahisi isiyobana pembeni inapitisha vumbi la barabara za vumbi za Chemba na Mpwapwa moja kwa moja mpaka kwenye kile kiwaya chembamba cha ndani ya sensa ya hewa, na mbaya zaidi mpaka kwenye silinda. Sensa ya hewa inasafishwa kwa dawa yake ya kupulizia, sio kwa petroli na mswaki.

P0420, masega hayafanyi kazi vizuri. Au hayapo, kuna aliyeyatoa akayauza kabla gari haijafika kwako, pia hiyo ipo sana. Mwambie fundi apandishe gari agonge ekzosti asikilize kama ni tupu.

Kufuta kodi kwa kuchomoa betri kunazima taa tu. Kama tatizo lipo, baada ya mizunguko kadhaa ya kuwasha na kuendesha inarudi, na wakati huo umeshapoteza zile takwimu za siku tatizo lilipotokea, joto lilikuwa ngapi, mwendo ngapi, ambazo fundi mzuri anazitaka sana.

Za njano zingine nitapita haraka. ABS ikiwaka peke yake breki za kawaida zipo, ila ukikanyaga kwa nguvu tairi zinaweza kujifunga. Uliza kwanza kama karibuni umefunguliwa tairi, beringi, bushi au shokapu, fundi anaweza kuwa amevuta waya wa sensa. Baada ya njia ya matope safisha sensa na ile ringi yake. Eabegi ikiwaka eabegi zinaweza zisifunguke siku ya ajali, na kama honi nayo imekufa basi ule utepe wa waya chini ya usukani umekatika. Soketi za njano chini ya viti na usukani asiziguse mtu na taa ya kupimia, eabegi inaweza kulipuka usoni kwake. O/D OFF ikiwaka tu imetulia kuna mtu kabonyeza kitufe pembeni ya gia, bonyeza tena. Ikipepesa gia boksi ina kodi, kapime. Taa ya upepo wa tairi ikiwaka asubuhi ya baridi na kuzima mchana, upepo upo kwenye mpaka, hewa ikipoa presha inashuka, pima asubuhi kabla hujatembea na ujaze kwa namba zilizoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Taa ya mafuta usiizoee, pampu iko ndani ya tanki na mafuta ndo yanaipoza, na njia kama ya Mtera kwenda Iringa vituo sio kila kona.

Wenye dizeli, ile alama ya springi ya njano subiri izime ndo upige stata. Taa ya filta yenye maji maana yake kuna maji chini ya filta ya dizeli, legeza koki ya chini yatoke mpaka itoke dizeli safi, usiahirishe, maji yanaua pampu na nozeli. Na T-BELT kwenye Prado, Surf na Hilux za zamani haipimi mkanda wa taimingi hata kidogo, inahesabu kilomita, kwa kawaida kila 100,000. Kwaiyo kama dashibodi ilibadilishwa au kilomita zilirudishwa nyuma, taa kutowaka haikuambii kitu. Umenunua mtumba na huna ushahidi mkanda umebadilishwa lini, badilisha.

Wenye haibridi, pembetatu nyekundu yenye mshangao ni taa ya jumla, soma maandishi au kodi. Ila kwa vumbi la huku kuna kitu angalia wewe mwenyewe, pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu la hewa linalopoza betri kubwa. Likiziba vumbi na nywele za zulia betri inapata joto, inazeeka haraka, mwisho unapata P0A80, kodi ya betri kubwa kuchoka, na bei ya kukufanya uuze gari. Lifyonze vumbi kila ukifanya sevisi.

Hatua ya 5: Unapofika gereji

Usiseme "taa ya betri inawaka nibadilishie oltaneta". Sema ulichoona: taa gani, ilianza lini, injini ya moto au ya baridi, mlimani au sailensa, imetulia au inapepesa, kuna fundi yeyote aliigusa gari wiki hiyo. Muoneshe picha za kodi. Fundi akitaja spea muulize swali moja tu, umepimaje? Kama jibu ni "hizi gari ugonjwa wake huo", shukuru uende kwingine. Kama amepima atakuonesha, volti hizi hapa, presha hii hapa, tumehamisha koili kodi imehama.

Sensa za mtumba zipo nyingi na zingine ni nzima kabisa, ila mkubaliane aifunge kwanza, afute kodi, muendeshe pamoja mpaka injini ipate moto kamili, azime awashe tena muendeshe tena, halafu asome upya ndo ulipe. Omba na spea yako ya zamani, kama ya dukani ikikataa baada ya siku mbili angalau una ya kurudishia.